Jean Dausset na Alama Zilizofichika Katika Damu

Wazee wetu walisema ya kuwa damu ni nzito kuliko maji. Ni kweli, walakini maisha ya daktari mmoja Mfaransa yatufundisha ya kuwa pengine dawa ya mgonjwa haimo katika ukoo wake, bali imo mwilini mwa mtu asiyemjua kabisa.

Jean Dausset alizaliwa Toulouse, tarehe 19 Oktoba 1916. Baba yake alikuwa daktari, naye mwana akaifuata kazi hiyo. Wajerumani walipoiteka Paris, aliondoka kwenda kujiunga na majeshi ya Wafaransa huru katika Afrika ya Kaskazini. Kabla ya kuondoka alimwachia mwenzake Myahudi vyeti vyake vya utambulisho, na mtu huyo akaweza kukaa Paris muda wote wa utawala wa Wajerumani. Huko Tunisia Dausset alifanya kazi ya kuwatia damu askari waliojeruhiwa, na tangu hapo elimu ya damu ikawa shughuli ya maisha yake.

Wakati ule waganga waliyajua makundi ya chembe nyekundu za damu. Mwaka 1952 Dausset aliona jambo jipya. Maji ya damu ya mgonjwa aliyetiwa damu mara nyingi yalizigandamanisha chembe nyeupe za watu wengine, lakini zile za mgonjwa mwenyewe hayakuzidhuru. Basi akatambua ya kuwa chembe nyeupe nazo zina alama zao. Mwaka 1958 aliitangaza alama ya kwanza. Baadaye ziligunduliwa nyingine nyingi, nazo leo zaitwa HLA. Kwa alama hizo mwili hutambua kilicho chake na kilicho kigeni.

Ili kuhakikisha jambo hili, watu wenye afya walijitolea kupandikizwa vipande vidogo vya ngozi za wengine. Wao wenyewe hawakupata faida yoyote; lakini kwa msaada wao ilionekana ya kuwa ngozi hudumu zaidi kadiri alama zinavyolingana.

Mambo haya ni ya uzima na mauti kwa mwenye saratani ya damu anayehitaji kupandikizwa uboho. Alama zisipolingana, chembe za mtoaji zaweza kuushambulia mwili wa mgonjwa. Kila mtu hurithi fungu moja la alama kwa baba na jingine kwa mama. Kwa hiyo ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi moja tu katika nne ya kulingana. Asiyepata ndugu wa kulingana naye aweza kutafutiwa miongoni mwa wageni. Mwaka 1973 mtoto mmoja huko New York alipandikizwa uboho wa mtu wa Denmark asiye wa ukoo wake.

Mwaka 1980 Dausset alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wataalamu wengine wawili. Hakuridhika na heshima hiyo. Mwaka 1986 alianzisha daftari la Wafaransa walio tayari kutoa uboho wao. Alifariki Palma, katika kisiwa cha Mallorca, tarehe 6 Juni 2009.

Leo madaftari ya namna hiyo duniani yana majina zaidi ya milioni 40. Hata hivyo, mgonjwa mwenye asili ya Afrika hupata mtu wa kulingana naye kwa shida kuliko Mzungu. Alama za Waafrika ni za namna nyingi zaidi, na walioandikishwa ni wachache. Upungufu huo hauondolewi kwa fedha wala kwa ustadi wa waganga peke yake. Wahitajika watu. Kupimwa ni jambo la damu kidogo au kupanguswa ndani ya shavu, na uboho unaotolewa hujirudisha wenyewe mwilini. Dausset alizigundua alama. Kuwapata wenye alama hizo ni kazi iliyobaki mikononi mwetu sote.