Seyyid Said, mfalme aliyebeti kila kitu kwenye karafuu

Hapa Isiolo chai haiitwi chai kama haina vitu ndani. Ingia kibanda chochote Bula Pesa asubuhi, na mama atakuletea glasi ya maziwa yaliyochemshwa na iliki, mdalasini na ile misumari midogo myeusi ya karafuu inayokukwama kwenye meno. Nimeinywa chai hiyo tangu utotoni bila kujiuliza karafuu imetoka wapi. Majuzi nikaanza kufuatilia (chuo niliachia njiani, lakini kusoma sijaacha), na safari ikaniishia kwa jamaa mmoja: Seyyid Said bin Sultan.

Alizaliwa Oman mwaka wa 1791. Babake aliuawa baharini mwaka wa 1804, na ukoo mzima ukaanza kung'ang'ania kiti. Miaka miwili baadaye Said akamuua kwa jambia binamu yake Badr bin Saif, ambaye ndiye aliyekuwa ameshika hatamu. Nyuma ya mpango huo alikuwako shangazi yake, Bibi Moza. Said alikuwa na miaka kama kumi na mitano hivi. Mimi umri huo nilikuwa bado namwogopa mwalimu wa hisabati.

Shida ya Oman ilikuwa pesa. Nchi ni mawe na jua, mapato ni tende na majahazi. Lakini Waomani tayari walikuwa na mkono wao Zanzibar, na Said alipofika huko mara ya kwanza mwaka wa 1828 aliona kitu ambacho kwao hakikuwepo: mvua, udongo mzuri na bandari tulivu. Akaanza kuhamia kidogo kidogo, hadi kufikia 1840 makao yake makuu yakawa Unguja, si Muscat tena. Njiani aliwamaliza Mazrui wa Mombasa. Mwaka wa 1837 aliwakamata viongozi wao kwa hila na kuwasafirisha hadi jela ya Bandar Abbas. Hawakurudi.

Sasa tuje kwa karafuu. Watu husema Said ndiye aliyeileta, lakini sivyo. Miche ililetwa mwanzoni mwa karne hiyo kutoka visiwa vya Wafaransa huku Bahari ya Hindi, na anayetajwa sana ni Mwarabu aliyeitwa Saleh bin Haramil. Said alikuja baadaye, akamnyang'anya Saleh mashamba, kisha akalipanua wazo hilo kwa nguvu za dola. Inasimuliwa kwamba aliamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, la sivyo shamba liende. Yeye mwenyewe alimiliki mashamba zaidi ya arubaini. Wenyeji wa kisiwa, Wahadimu, wakajikuta wanasukumwa upande wa mashariki na kusini, kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe ambako mkarafuu hauoti.

Nani alifanya kazi? Hapo ndipo chai inaanza kuwa chungu. Karafuu ni kikonyo cha ua ambalo halijafunguka. Kinachumwa kwa mkono, juu ya mti mrefu, na lazima kichumwe kabla ua halijachanua. Baadaye kinaanikwa juani siku kadhaa. Hiyo si kazi ya mtu na mkewe. Maelfu ya watu waliletwa kila mwaka kupitia Kilwa, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa, wakauzwa sokoni Unguja kama mbuzi. Ukisoma habari za Barbados na Jamaica chini ya Waingereza utaona mchezo ni uleule: kisiwa, zao moja, watumwa, na soko liko ng'ambo. Tofauti ni kwamba kule ilikuwa miwa.

Said hakuwa mkulima tu, alikuwa mfanyabiashara wa kweli. Mwaka wa 1833 alitia saini mkataba na Marekani: bidhaa zao zikishuka bandarini zinatozwa asilimia 5, basi. Meli za Salem zikajaa, zikileta kitambaa cha pamba ambacho mpaka leo wazee wanakiita marekani, na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Mwaka wa 1840 alituma meli yake mwenyewe, Sultana, hadi New York. Ushuru hakukusanya mwenyewe. Aliikodisha forodha kwa tajiri wa Kihindi, Jairam Shivji, aliyemlipa kiasi maalumu kila mwaka na kilichozidi kikawa chake. Mfalme akikwama, anakopa kwa huyohuyo Jairam. Hebu fikiria serikali inakopa kwa mtu anayeikusanyia kodi!

Mkarafuu huchukua miaka kama sita au saba kabla ya kuzaa vizuri. Kwa hivyo watu walipanda kwa fujo bei ikiwa juu, na miti yote ikaja kuzaa wakati mmoja. Bei ikaporomoka. Miaka ya 1850 frasila moja ilikuwa inaleta pesa kidogo sana ukilinganisha na miaka ya 1830. Waliokumbuka ile homa ya kware hapa Kenya mwaka wa 2014 wanajua ninachosema. Mjomba wangu bado ana vizimba nyuma ya nyumba, tunawekea makaa. Lakini kware unaweza kuwala ukashiba. Mwenye shamba la mikarafuu aliyekopa kwa rehani alibaki na miti na deni, na mtumwa alibaki vilevile alivyokuwa.

Waingereza nao walikuwa wanakaza kamba. Mkataba wa 1845 ulimlazimisha kuzuia usafirishaji wa watumwa kwenda Arabuni, ingawa ndani ya milki yake ya Afrika biashara iliendelea. Mwaka wa 1856, akirudi kutoka Oman, aliugua melini na akafa tarehe 19 Oktoba karibu na Shelisheli. Inasemekana alikuwa amepakia mbao za jeneza mwenyewe, ili atakayefia njiani asizikwe baharini.

Wanawe wakagombana, na mwaka wa 1861 Waingereza wakaitenga Zanzibar na Oman, Zanzibar ikilipa riali 40,000 kila mwaka. Kimbunga cha 1872 kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikachukua nafasi. Soko la watumwa likafungwa 1873, na mwaka wa 1890 kisiwa kikawa chini ya ulinzi wa Uingereza. Amri ya kufuta utumwa wenyewe ilikuja 1897. Fidia ililipwa, ndiyo. Walilipwa wenye mashamba. Walioachwa huru wengi wao walibaki palepale chini ya mikarafuu, wakichuma, maana ardhi ya kwenda haikuwapo.