Marehemu Mzee Aniceti Kitereza: Karani Aliyekosa Upadre Akatuachia Kitabu



Kamati ya jarida letu imenitaka niandike maisha ya mtu mmoja maarufu wa kanda hii ya ziwa. Najua wengine wangependa nimwandike mwanasiasa, maana hao hawakosekani huku kwetu. Mimi nimemchagua Marehemu Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Nne yanapotangazwa, huja kwangu vijana na wazazi wao wakiwa wamekata tamaa kabisa, kana kwamba kuna msiba nyumbani. Huwa nawakaribisha chai, kisha nawasimulia habari za mzee huyu.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896, katika ukoo uliokuwa na uhusiano na watawala wa Ukerewe. Alianza kusoma kwa Mapadre Weupe wa misheni ya Kagunguli, kisha akavushwa ziwa kwenda seminari ya Rubya, upande wa Bukoba. Huko alikaa miaka kama kumi. Alisoma Kilatini, falsafa na teolojia, na akajipatia pia lugha kadhaa za Ulaya. Kwa Mwafrika wa wakati ule, hiyo ilikuwa elimu ya juu sana. Lakini elimu yote hiyo ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni upadre. Mwaka 1919 Kitereza aliondoka seminari bila kuwa padre.

Hebu fikirini, vijana. Mtu ana umri wa miaka ishirini na mitatu, amesoma miaka yote ile, kijiji kizima kinamngojea arudi na kanzu, naye anarudi mikono mitupu. Hakukuwa na chuo cha kuhamia, wala mtihani wa kurudia. Mwaka huo huo alimwoa Bibi Anna Katura, akaanza maisha kama watu wengine. Baadaye tunamkuta hapa Mwanza, karani wa mfanyabiashara Mwitaliano. Alifanya kazi hiyo mpaka Vita Kuu ya Pili ilipofika.

Kuhusu miaka hiyo ya ukarani sina mengi ya kusema, na nadhani hata yeye asingependa tuikalie sana. Vita ilipomrudisha Ukerewe, alianza kuwasaidia mapadre wa Kagunguli kazi za tafsiri. Hapo ndipo alipoikuta kazi yake hasa. Alikuwa akikusanya hadithi, methali na mila za Wakerewe, kwa kuwa aliona wazee wanakufa na vijana hawaulizi. Padre Almas Simard, aliyetoka Kanada, alimtia moyo. Mwaka 1945 Kitereza alimaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na mkewe Bibi Bugonoka.

Ni hadithi ya mume na mke wasiojaliwa mtoto. Ndugu wa mume wanamsema mwanamke, wazazi wake wanamchukua, na mume inambidi aende ukweni kuomba radhi na kutozwa pombe ya ndizi kabla ya kurudishiwa mke wake. Baadaye wanatibiwa na mganga, wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na wa kike, Bulihwali. Humo ndani mna kila kitu cha Ukerewe ya kabla ya wakoloni: kilimo, uvuvi, dawa, mahari, namna ya kumkaribisha mgeni. Wengine hulalamika kwamba kinakwenda polepole. Ni kweli, lakini ukerewe wenyewe haukuwa na haraka! Tukumbuke pia kwamba Mzee Kitereza na Bibi Anna hawakubaki na mtoto hata mmoja. Anayejua hivyo hawezi kuisoma habari ya Bugonoka kama hadithi ya kupitisha wakati.

Sasa sikilizeni shida iliyofuata. Mswada ulikamilika mwaka 1945, na kitabu kilitoka mwaka 1980. Ni miaka thelathini na mitano! Padre Simard alifariki mwaka 1954, na mswada ukabaki bila mtu wa kuusukuma. Nani angechapa kitabu kinene kwa lugha ya kisiwa kimoja? Mwishoni mwa miaka ya sitini walikuja Ukerewe watafiti wawili kutoka Marekani, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, wakapendezwa na kazi hiyo na kuitafutia njia. Ikaonekana kwamba kwa Kikerewe haiwezekani. Iwe kwa Kiswahili. Basi mzee, akiwa amepita miaka sabini, akakaa chini akaitafsiri yote mwenyewe. Mimi hapo ndipo ninapomvulia kofia kuliko mahali pengine popote. Kuandika kitabu ukiwa na nguvu ni jambo moja. Kukiandika tena uzeeni, bila uhakika kwamba kuna atakayekichapa, ni jambo jingine.

Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ndiyo iliyokitoa. Mzee Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla hajakishika mkononi.

Baada ya hapo kitabu kilitembea kuliko mwandishi wake. Kimetafsiriwa kwa Kijerumani na Kifaransa, na mwaka 2002 kikatoka kwa Kiingereza, kazi ya Profesa Gabriel Ruhumbika, mwandishi ambaye naye ni mwana wa Ukerewe na aliyetafsiri moja kwa moja kutoka Kikerewe.

Nakala yangu ya Kiswahili nimeikabidhi kwa mwalimu wa maktaba. Jalada limechakaa lakini kurasa zote zipo. Atakayeogopa unene wake na aanzie pale Myombekere anapofunga safari ya kwenda ukweni kumfuata mkewe.