Idi Amin na Bendi ya Zumari

Ndugu wanashule wenzangu, wa zamani na mlioko madarasani leo, nani kati yetu hakukimbia mchakamchaka alfajiri huku akimwimba nduli Idi Amin? Mimi nilizaliwa 1979, mwaka vita ilipokwisha, nikamwimba kwa miaka mingi bila kujua alikuwa mtu wa namna gani. Baadaye, nikiwa mpiga ngoma wa bendi ya shule, ndipo niliposikia kwamba naye alikuwa mpenzi mkubwa wa bendi.

Alizaliwa katika miaka ya 1920, baba yake akiwa Mkakwa wa kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mwaka 1946 aliingia jeshi la Waingereza, lile ambalo babu zetu waliliita Keya, akiwa msaidizi wa mpishi. Elimu yake ilikuwa ndogo, mwili wake mkubwa. Kuanzia 1951 hadi 1960 alikuwa bingwa wa ndondi wa uzito wa juu mwepesi (light heavyweight) nchini kwake. Huko ulingoni, tukumbuke, kulikuwa na mwamuzi, na kengele ikilia mtu hushusha mikono.

Tarehe 25 Januari 1971 alimpindua Milton Obote. Mwaka huohuo alizuru Uingereza, akafika hadi Scotland, ambayo aliihusudu tangu enzi za maofisa wake wa Keya. Askari wake wakaonekana kwenye sherehe wamevaa sketi za Kiskoti, wakipuliza zumari zenye mfuko wa hewa kwapani. Mwenyewe akajiita mfalme wa Scotland!

Vijana huenda hamjui kwamba kwao zumari hizo ni mashindano makali. Kila Agosti bendi hukutana Glasgow kugombea ubingwa wa dunia. Majaji husikiliza kama zumari zote zimeanza pamoja na kulia sauti moja. Mmoja akichelewa, bendi nzima hupoteza alama. Bendi ya polisi iliyoanzishwa Govan mwaka 1883, ambayo baadaye iliitwa Strathclyde Police, ilitwaa ubingwa huo miaka sita mfululizo, 1981 hadi 1986. Hao walikuwa polisi waliokubali kukosolewa mbele ya umati. Amin alichukua sketi na zumari, majaji akawaacha hukohuko.

Mwaka 1972 aliwafukuza Waasia kwa kuwapa siku 90. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Makadirio ya waliouawa katika utawala wake hufika watu 300,000. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yalivuka mpaka na kuiteka ardhi yetu hadi mto Kagera. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka, naye akakimbilia Libya, kisha Saudi Arabia.

Katika boma letu Nyamwaga walikwenda vitani wawili, akarudi baba mdogo peke yake. Tulipomwimba nduli kwa kelele na vicheko, yeye aliingia ndani.

Amin alifariki Jeddah tarehe 16 Agosti 2003. Nilikuwa nyumbani kwa likizo ya chuo kikuu, nikaisikia habari redioni na kumfuata baba mdogo zizini kumweleza. Aliniuliza swali moja tu: je, alishtakiwa? Nikamjibu hapana. Akaendelea kufunga ndama.