Miles Franklin: Mwanamke aliyejiandikia mwenyewe kwa miaka 45

SYDNEY - Ukipanda treni ya kwenda kusini kutoka kituo cha Central utapita Carlton, mtaa wa nyumba za kawaida ambao abiria wengi hawaugeuzii hata shingo. Huko ndiko alikoishi, tangu aliporejea kutoka ng'ambo mwaka 1932, bibi mmoja mfupi, asiyeolewa, aliyerudi kumtunza mama yake mzee. Wageni walimkuta mcheshi na mwepesi wa maneno. Wakishaondoka, aliyaandika katika shajara mambo ambayo hakuyasema mbele yao.

Huyo ni Miles Franklin, ambaye jina lake limepewa tuzo kubwa ya riwaya nchini Australia. Wengi wanaijua tuzo. Sisi leo tunataka kuzungumzia daftari.

Stella Maria Sarah Miles Franklin alizaliwa tarehe 14 Oktoba mwaka 1879 huko Talbingo, kusini mwa jimbo la New South Wales, akiwa kifungua mimba katika familia ya wafugaji. Mwaka 1901, akiwa na umri wa miaka 21, riwaya yake ya kwanza, My Brilliant Career, ilichapishwa Edinburgh. Alitumia jina la Miles kwa makusudi ili wasomaji wadhani ni mwanamume. Lakini Henry Lawson, mwandishi mashuhuri aliyemsaidia kumpata mchapishaji, alifichua katika dibaji kwamba mwenye kazi ni msichana.

Kitabu kilisifiwa sana, na nyumbani kikamletea balaa. Ndugu na majirani walijiona ndani yake wakakasirika. Binti aliyetunga riwaya akasomwa kana kwamba ameanika siri za ukoo hadharani. Jeraha hilo halikupona haraka, kwani baadaye alizuia kitabu kisichapishwe tena mpaka ipite miaka 10 baada ya kifo chake. Kilirudi madukani mwaka 1966.

Kwa maoni yetu hapo ndipo alipojifunza kutenganisha maandishi ya kuwapa watu na maandishi ya kujipa mwenyewe. Mwaka 1903 alijificha jina akafanya kazi ya utumishi wa ndani katika nyumba za matajiri, Sydney na Melbourne, karibu mwaka mzima, huku akiandika aliyoyaona. Muswada huo haukuchapishwa wakati wa uhai wake.

Mwezi Aprili mwaka 1906 alipanda meli kwenda Marekani, akafika San Francisco siku chache tu baada ya lile tetemeko kubwa la ardhi. Alihamia Chicago, akafanya kazi katika chama cha kutetea wanawake wafanyakazi pamoja na Mwaustralia mwenzake, Alice Henry. Mwaka uliofuata mdogo wake, Linda, alifariki dunia huko nyumbani. Wasomaji wetu wengi wanajua habari ya msiba inayokufikia ng'ambo ilivyo: maziko yamekwisha, na wewe kesho yake unatakiwa kazini.

Shajara zake za mfukoni zilizohifadhiwa zinaanzia mwaka 1909. Ni vitabu vidogo, kila siku imepewa nafasi finyu: hali ya hewa, barua zilizoingia, nani amekuja, mwili umeamkaje. Afya yake ilikuwa ya kusuasua, na mwaka 1912 alilazimika kupumzika kwa muda katika nyumba ya matibabu. Mwaka 1915 alihamia London, na kati ya mwaka 1917 na 1918 alitumika katika hospitali ya wanawake wa Scotland huko Ostrovo, Makedonia, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kote huko daftari lilikwenda naye.

Pamoja na vitabu hivyo vidogo, alikuwa na madaftari makubwa ambamo alimwaga dukuduku. Humo hakuna adabu. Waandishi wenzake aliowakaribisha chai wanachambuliwa mpaka mifupa, mara nyingine kwa uonevu. Tusimtakase: alikuwa na kinyongo, na kuandika hakukukifuta. Ila kulimwezesha kesho yake kufungua mlango na kucheka na watu walewale.

Mwaka 1986 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, James Pennebaker, alitoa matokeo ya jaribio ambalo wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, kuhusu mambo yaliyowaumiza. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda kwa daktari mara chache zaidi katika miezi iliyofuata, ingawa mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Tafiti za baadaye hazikutoa jibu moja kwa kila mtu. Franklin hakuwa na habari za tafiti hizo, wala hakuzingoja.

Kwa sisi tulioondoka makwetu kwa sababu ya kalamu, jambo hili si jepesi. Kule tulikotoka daftari lilikuwa ushahidi mezani kwa askari. Wapo kati yetu waliochoma yao usiku wa kuondoka, na wapo ambao hadi leo, humu Sydney ambako hakuna anayelitafuta, mkono unakataa kuandika tarehe juu ya ukurasa.

Franklin naye alikuwa na lake la kuficha. Kuanzia mwaka 1928 zilitoka riwaya za mtu aliyejiita Brent of Bin Bin. Watu walimshuku, yeye akakana hadi kaburini. Makaratasi yake mwenyewe ndiyo yaliyomaliza ubishi.

Alifariki dunia tarehe 19 Septemba mwaka 1954. Wosia ukawashangaza rafiki zake, maana bibi huyo aliyeishi kwa kubana matumizi alikuwa ameacha fedha za kuanzisha tuzo ya fasihi. Mshindi wa kwanza, mwaka 1957, alikuwa Patrick White kwa riwaya yake Voss.

Makaratasi aliyaachia Maktaba ya Mitchell, sehemu ya Maktaba ya Jimbo iliyoko Macquarie Street. Mwaka 2004 Paul Brunton, mhifadhi wa maktaba hiyo, alichapisha sehemu ya shajara za miaka ya Carlton, na waliokuwa wakinywa chai pale wakasomwa na nchi nzima. Yeye majivu yake yalikwishamwagwa zamani katika kijito cha Jounama, Talbingo, alikozaliwa.