Frederick Jones: Fundi aliyezuia mizigo kuozea njiani

MFANYABIASHARA aliyewahi kupakia nyanya, samaki au kuku kwenye lori anajua kuwa mali nyingi hupotea njiani. Lori likiharibika, au foleni kwenye mizani ikiwa ndefu, mzigo huanza kuoza na hakuna anayejua mpaka turubai lifunguliwe. Hapo ndipo ugomvi huanza. Mwenye mali anamlaumu dereva, dereva anasema mzigo ulipakiwa ukiwa umeshachoka, na mnunuzi anakataa kulipa.

Siku hizi vipo vifaa vidogo vya betri vinavyosafiri pamoja na mzigo na kuandika joto lake safari nzima. Hata hivyo, wazo la kuwa na kifaa kinachoangalia mzigo wakati mwenyewe hayupo lina historia ndefu, na mtu mmoja aliyechangia sana ni Frederick McKinley Jones, fundi wa Marekani ambaye hakumaliza shule.

Utoto wa taabu

Jones alizaliwa mwaka 1893 katika eneo la Cincinnati, jimbo la Ohio. Alikuwa mtoto wa Kimarekani mweusi katika nyakati ambazo ubaguzi wa rangi ulikuwa jambo la kawaida nchini humo. Alikua bila mama, na baba yake, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alimwacha kwa padri wa Kikatoliki akiwa bado mdogo. Huko alipata chakula, malazi na elimu kidogo, huku akifanya kazi za usafi na jikoni.

Kabla ya kufikisha miaka 13 alitoroka na kwenda kuomba kazi ya kufagia katika gereji ya magari. Alipomaliza kufagia alisimama karibu na mafundi na kutazama wanachofanya. Miaka michache baadaye, akiwa kijana tu, alikuwa msimamizi wa mafundi wa gereji hiyo hiyo.

Mwaka 1912 alihamia Hallock, mji mdogo wa wakulima kaskazini mwa jimbo la Minnesota, na kuajiriwa kutengeneza mashine katika shamba kubwa. Alijisomea vitabu vya umeme na mitambo usiku. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alipelekwa Ufaransa na jeshi la nchi yake, akawa fundi umeme.

Aliporudi Hallock, watu walimletea kila aina ya tatizo. Alitengeneza mtambo wa kurushia matangazo ya redio. Daktari wa mji alipotaka njia ya kuwafikia wagonjwa wakati wa theluji, Jones alimuundia chombo cha kuteleza chenye pangaboi. Jumba la sinema lilipotaka filamu za sauti lakini likakosa fedha za kununua mitambo, aliitengeneza mwenyewe kwa gharama ndogo.

Kazi hiyo ya sinema ndiyo iliyomfikisha kwa Joseph Numero, mfanyabiashara wa mjini Minneapolis aliyeuza mitambo ya sauti, ambaye alimwajiri.

Shehena ya kuku

Kuelekea mwaka 1938, rafiki wa Numero aitwaye Harry Werner, mmiliki wa kampuni ya malori, alipata hasara ya shehena ya kuku iliyoharibika kwa joto. Enzi hizo wasafirishaji walitumia barafu. Barafu ikiyeyuka kabla ya kufika, mzigo umekwisha. Majokofu ya mitambo yalikuwepo, lakini yalichukua nafasi kubwa ya mzigo, na mtikisiko wa barabara uliyavunja mapema.

Kwa mujibu wa simulizi inayojulikana sana, Numero alisema kwa utani kuwa angeweza kumtengenezea Werner jokofu la lori. Werner aliuchukulia utani huo kwa uzito na kuleta lori. Jones aliingia ndani, akapima, akafanya mahesabu na kusema inawezekana.

Mtambo wake wa kwanza ulifungwa chini ya lori. Ulipoza vizuri, lakini ulikuwa mzito na ulishambuliwa na tope na vumbi la barabarani. Jones hakukata tamaa. Alipunguza uzito, akaimarisha viungo vyake ili vistahimili mtikisiko, na hatimaye akauhamishia mbele, juu ya kichwa cha lori, palipo safi na penye hewa. Malori mengi yenye majokofu yanayopita barabarani leo bado yamefungwa mtambo mahali hapo.

Numero aliuza biashara ya mitambo ya sinema, akaanzisha pamoja na Jones kampuni ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Thermo King. Numero alishika upande wa biashara na Jones upande wa ufundi.

Mtambo unaojisimamia

Uvumbuzi ambao msafirishaji wa leo anapaswa kuuangalia zaidi ni ule wa udhibiti. Dereva hawezi kushika usukani na wakati huo huo kupima joto la bodi nyuma yake. Kwa hiyo Jones alitumia themostati, kifaa kinachohisi joto. Joto likipanda kupita kiwango, injini ya jokofu inawaka yenyewe, likishuka, inazimika. Mwezi Julai 1949 alipata hataza za mtambo wa kupoza na za njia ya kuwasha na kuzima injini kwa themostati.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mitambo yake ilitumika kuhifadhi damu, dawa na vyakula vya wanajeshi. Mwaka 1944 alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuwa mwanachama wa chama cha wahandisi wa majokofu nchini humo. Alipata hataza zaidi ya 60 kabla ya kufariki Februari 1961. Nishani ya Taifa ya Teknolojia alitunukiwa mwaka 1991, miaka 30 baada ya kifo chake.

Kutoka themostati hadi kihisi

Themostati ya Jones ilihisi joto na kuchukua hatua, lakini haikumwambia mwenye mali kilichotokea. Pengo hilo ndilo linalozibwa na vihisi vya sasa. Kihisi huwekwa ndani ya mzigo na muda mwingi hulala. Huamka kila baada ya dakika zilizopangwa, hupima, huandika na kulala tena. Kinachomaliza betri haraka ni kutuma taarifa kwa mtandao wa simu na kutafuta mahali lilipo gari kwa setilaiti. Ndiyo maana vifaa vizuri hukusanya vipimo na kuvituma kwa pamoja, na kutuma mara moja pale tu joto linapovuka kiwango.

Kwa msafirishaji wa minofu ya samaki kutoka Mwanza au maua kutoka Naivasha, kumbukumbu hiyo inamaliza ubishi: inaonyesha saa ambayo joto lilipanda, na mzigo ulikuwa mikononi mwa nani.

Lakini kihisi hakipozi mzigo. Jokofu la lori limetengenezwa kutunza baridi, si kuondoa joto la shambani, hivyo mazao yapozwe kabla ya kupakiwa. Acha nafasi ya hewa kuzunguka. Usiweke kihisi mbele ya feni ya mtambo, kwani kitasoma baridi huku mzigo wa katikati ukichemka. Kiweke katikati ya mzigo, na kingine karibu na mlango. Jua pia kiwango cha bidhaa yako. Vyakula vilivyogandishwa huhitaji nyuzi 18 chini ya sifuri, wakati ndizi mbichi huharibika zikikaa chini ya nyuzi 13.

Jones alianza na shehena moja ya kuku iliyooza, akachunguza ni wapi na kwa nini. Mkulima au mfanyabiashara anayepoteza mali njiani anaweza kuanza pale pale: kujua kwanza mzigo unaharibikia sehemu gani ya safari, kabla ya kutafuta wa kumlaumu.