George Orwell (1903-1950): Mhariri wa Sentensi Zake Mwenyewe

Jina la George Orwell si geni kwa wasomaji wa Kiswahili. Mwaka wa 1967 Fortunatus Kawegere aliitafsiri riwaya yake ya Animal Farm kwa jina Shamba la Wanyama, na tangu hapo wanyama wale wamekuwa sehemu ya fasihi ya Kiswahili. Wengi humsifu Orwell kwa wepesi wa lugha yake, na wapo wanaodhani kwamba wepesi huo alizaliwa nao. Maisha yake yanathibitisha kinyume.

Alizaliwa tarehe 25 Juni 1903 mjini Motihari, India, akaitwa Eric Arthur Blair. Babake alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni. Alilelewa Uingereza, akasomea Eton kwa ufadhili, na badala ya kuingia chuo kikuu akajiunga na polisi wa kikoloni nchini Burma mwaka wa 1922. Miaka mitano ya kuutumikia ukoloni ilimkinaisha. Mnamo 1927 alirejea nyumbani, akajiuzulu na kuazimia kuwa mwandishi.

Azma alikuwa nayo, ila ufundi haukuwapo bado. Mshairi Ruth Pitter, aliyefahamiana naye London, alizisoma kazi zake za mwanzo na kuzicheka. Huko Paris, alikohamia mwaka wa 1928, aliandika mengi ambayo hayakupata mchapishaji. Hata mswada alioueleza ndani yake umaskini alioupitia ulikataliwa, naye kwa kukata tamaa akamwachia rafiki yake Mabel Fierz auteketeze. Bi. Fierz hakuuteketeza, aliupeleka kwa wakala wa waandishi. Mwaka wa 1933 ulichapishwa kwa anwani Down and Out in Paris and London, na jina George Orwell likaonekana kwa mara ya kwanza.

Kilichomfanya aithamini sentensi iliyo wazi ni siasa. Katika vita vya Uhispania alipigwa risasi ya shingo mwaka wa 1937, akanusurika chupuchupu. Baadaye aliyasoma magazeti yaliyovisimulia vita hivyo kwa namna isiyolandana na yale aliyoyashuhudia. Kati ya 1941 na 1943 aliandaa matangazo ya BBC yaliyoelekezwa India, kazi iliyomkaribisha zaidi kwenye lugha ya propaganda. Aliamini kwamba sentensi yenye ukungu mara nyingi huwa na jambo inalolificha.

Imani hiyo aliifafanua katika makala ya Politics and the English Language, yaliyotokea katika jarida la Horizon mwezi wa Aprili 1946. Humo alionyesha jinsi kijiji kinavyoweza kulipuliwa kwa mabomu na wakazi wake kufurushwa, kisha tendo hilo likapewa jina la kupendeza linalohusu utulivu. Aidha, aliuchukua mstari wa Biblia, Mhubiri 9:11, akauandika upya kwa Kiingereza cha kiofisi. Mbio, vita na mkate vikatoweka. Yakabaki maneno marefu yasiyoonyesha chochote.

Tiba aliyoipendekeza ni ya kihariri. Mwandishi aziepuke tamathali zilizochakaa, achague neno fupi pale linapotosha, afute kila neno linaloweza kufutwa, apendelee kauli ya kutenda kuliko ya kutendwa, na asikimbilie istilahi au neno la kigeni ilhali lipo la kawaida. Hata hivyo, aliruhusu kanuni yoyote kati ya hizo ivunjwe iwapo kuifuata kungezaa upuuzi. Wala hakujitoa lawamani: alikiri kwamba makala yale yale yalikuwa na makosa aliyoyakemea.

Ushahidi wa bidii yake umo katika riwaya yake ya mwisho, Nineteen Eighty-Four. Aliiandika hasa katika kisiwa cha Jura, Uskoti, huku kifua kikuu kikimdhoofisha. Sehemu ya rasimu zake imehifadhiwa, nayo imejaa mistari iliyokatwa na kuandikwa upya. Sentensi ya kwanza, ambayo leo husifiwa mno, awali ilikuwa na redio milioni moja zikitangaza saa isiyo ya kawaida. Orwell alizifuta redio hizo na kuacha saa zenyewe zigonge. Kwa kupunguza maneno, aliiongeza nguvu ya mshangao.

Kufikia mwishoni mwa 1948 mswada ulikuwa umechorwachorwa kiasi kwamba mtu mwingine asingeusoma kwa urahisi. Mpigachapa wa kwenda Jura hakupatikana. Orwell akaupiga chapa mwenyewe, mara nyingi akiwa kitandani. Kazi ilipokamilika, nguvu zilikuwa zimemwishia. Riwaya ilitoka mwezi wa Juni 1949, na mwandishi wake akafariki London tarehe 21 Januari 1950, akiwa na umri wa miaka 46.

Orwell alikihangaikia Kiingereza, lakini ugonjwa alioutibu hauna lugha moja. Tasnifu ya Kiswahili iliyosheheni istilahi ili ionekane ya kitaaluma, na taarifa ya afisa inayosema kwamba watu waliondolewa bila kumtaja aliyewaondoa, zote zinaihitaji kalamu yake. Msomi anayeirudia sentensi yake mara ya tatu na ya nne huilainisha lugha, na papo hapo hujilazimisha kusema anachokijua na kukiri asichokijua.