Salme na Jumba la Mtoni



Ukitembea Raskazone jioni utaona nyumba kuukuu za wakati wa Wajerumani. Pengine umejiuliza ni nani waliokaa humo. Leo tusome habari za mtu mmoja na jumba kuukuu. Jumba hilo liko ng'ambo ya bahari, Unguja, mahali paitwapo Mtoni.

Salme alizaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844. Baba yake alikuwa Sultani Seyyid Said. Mama yake alikuwa suria. Uani walitembea tausi, paa na mbuni. Mkubwa wa nyumba alikuwa Bibi Azza, mke wa Sultani. Alikuwa mfupi, mwenye makuu, na hakuwa na mtoto. Kila asubuhi watu wote, wakubwa na wadogo, walikwenda chumbani kwake kumwamkia. Watoto walimwogopa.

Siku zile mtoto wa kike alifundishwa kusoma tu. Kuandika hakufundishwa. Salme hakukubali. Alitwaa mfupa wa bega la ngamia, akaufanya ubao. Akaiga herufi za msahafu moja moja, kwa siri. Wewe uliyeshika kalamu ukubwani unajua jinsi mkono unavyokuwa mzito. Wewe una mwalimu na wenzako darasani. Yeye alianza peke yake.

Kalamu ile ilimtia taabuni. Mwaka 1859 ndugu yake Barghash alitaka kumpindua kaka yao, Sultani Majid. Salme, msichana wa miaka 15, ndiye aliyewaandikia barua. Njama ikashindwa. Barghash akapelekwa Bombay.

Mwaka 1866 Salme alitoroka Unguja. Alikuwa na mimba ya Mjerumani mfanyabiashara, Heinrich Ruete. Huko Aden alibatizwa, akaitwa Emily, wakaoana. Wakaenda kukaa Hamburg. Mwaka 1870 mume alikufa kwa ajali ya gari la farasi. Salme akabaki na watoto watatu wadogo, katika nchi ya baridi. Binti wa Sultani akafundisha Kiarabu ili wapate kula.

Mwaka 1885 alirudi Unguja katika meli ya Wajerumani. Hao walikuwa na haja yao: walitaka nchi za huku bara, wakamtumia kumbana Sultani. Na Sultani alikuwa nani? Barghash, yule yule wa zile barua. Alikataa kumwona dada yake. Urithi aliodai hakumpa.

Salme alikwenda Mtoni. Ngazi moja haikuwapo tena. Ya pili ilikuwa imeota majani. Sehemu kubwa ya nyumba ilikuwa imeanguka. Hapakuwa na Bibi wa kuamkiwa.

Akarudi Ujerumani. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake, kwa Kijerumani. Humo aliandika habari za tausi, za Bibi Azza na za mfupa wa ngamia. Alifariki huko mwaka 1924. Ukipata safari ya Unguja, magofu ya Mtoni yapo ufukweni, kaskazini ya mji.